Maji Yana Dawa

Hirbadaw, Hanang
28 Januari 2024

Mdogo wangu mpendwa Emilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia huko uliko, hata kama mdomo umejaa ugali. Sisi huku tunaamka na tunalala, Mungu bado anatuhesabu kati ya wazima. Mahindi yamefika magotini, ila mvua ikinguruma kila mtu anautazama mlima. Lile tope lililoporomoka mwezi wa kumi na mbili halijatutoka vichwani. Shangazi yake Baba Yonas, Bibi Kornelia aliyekuwa Jorodom, tunaye hapa nyumbani. Alitoka na kanga moja na rozari. Anasema anakukumbuka ukiwa mdogo, ulikuwa mchafu.

Nisamehe kwa kukuandikia kwa kalamu kama zamani. Simu yangu iliingia maji ikafa, na hata ikiwa nzima mtandao huku ni mpaka upande kilima. Sylvester wa lori la vitunguu amekubali kuwa posta yetu. Malipo yake anataka asalimiwe katika kila barua. Basi msalimie.

Sasa neno la moyoni. Mkwe wangu Loveness, mke wa Yonas, ana mimba ya miezi mitatu. Ni ya tatu, na zile mbili unajua zilivyokwenda. Naogopa hata kuandika. Baba wadogo wa Yonas wameshaanza kunong'ona kwamba ng'ombe wao walipelekwa nyumba isiyozaa, eti kijana atafutiwe mwingine. Nikawaambia wasubiri, Mungu hajafunga duka. Lakini nikiwa peke yangu nalia, Emilian. Huyu binti ananiita mama kuliko hata Yonas anavyoniita.

Nesi wa zahanati, binti wa Kichaga, amemwambia ale samaki wampe nguvu. Mama yetu angesikia angezimia. Unakumbuka alivyowaita nyoka wa maji? Chungu kilichopikiwa samaki alikivunja. Leo tunakula. Mimi nafumba macho na naanzia mkiani.

Ndipo nikakukumbuka wewe mtu wa samaki. Hawa wa mtoni mwaka huu wana nini? Tunapasua perege mmoja baada ya mwingine, hakuna mayai. Hata kambale, ambao wavuvi wanasema zamani walikuwa wanawatoa mayai kikombe kizima. Bibi Kornelia anasema majike wamekwenda kuhiji. Hebu nieleze, maana Loveness ndio anaowala.

Msalimie wifi Scola na watoto.

Dada yako,
Eufrasia


Dongobesh
3 Machi 2024

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Milele na milele amina, na mdomo haukuwa na ugali, ulikuwa na mswaki. Scola na watoto wanakuamkia. Bibi Kornelia mwambie shikamoo, na kwamba siku hizi naoga. Sylvester nimemsalimia, akataka na soda.

Habari ya Loveness imenifurahisha sana. Namwombea kila tunapokula.

Kazi ipo. Vifaranga vyetu vya samaki vinakwenda mpaka Babati na Singida, na meneja ameongeza mabwawa mawili. Wafugaji wanataka madume matupu, kwa sababu dume hunenepa upesi na jike hupoteza mwili kwa kutaga. Mimi niko humo humo kwenye kulisha na kusafisha. Siwezi kulalamika, watoto wanasoma.

Hilo uliloniuliza sitaliandika kwa urefu. Barua inapita mikono ya watu, na meneja wetu ana shamba la vitunguu, Sylvester ananunua kwake. Ila ujue hivi: maji ya mto huo siku hizi yana dawa, inatoka huku juu kwetu. Mwambie Loveness. Na kina mama unaowaamini nao wajue. Nafikiri umenielewa.

Ni mimi mdogo wako,
Emilian


Hirbadaw
1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka

Emilian wangu,

Kristo amefufuka, na wewe umetuletea Pasaka ya pili!

Barua yako ilifika katikati ya Juma Kuu, na siku hiyo hiyo tulikuwa na sala ya jumuiya kwa mama Gidamis. Nikaisoma pale, kile kipande cha maji tu, mambo ya meneja wako nikayaruka. Nilipofika "maji ya mto yana dawa", mama Gidamis akaruka kwenye kigoda.

"Jamani! Serikali imetukumbuka!"

"Serikali gani?" nikamwambia. "Ni kwa kina Emilian, huko juu. Wanaweka wao."

"Kumbe! Ndiyo maana asubuhi yananukia kama chumba cha sindano. Nilidhani pua yangu."

Bibi Kornelia akachukua nafasi ya kutufundisha, maana yeye ndiye mwenyeji wa mambo hayo. Akasema kule Katesh baada ya tope walikuwa wanapewa maji ya kwenye ndoo, yanatiwa dawa mbele ya macho yao, wasiugue matumbo. "Nilikunywa yale mpaka nilipokuja kwenu, na tumbo langu hili lilinyamaza kimya. Maji ya dawa hayachemshwi, mnapoteza kuni bure."

Basi kijiji kizima sasa ni mtoni. Kile kisima cha pampu tumekiacha, nani atake tena maji ya chumvi yanayowapaka watoto meno rangi ya chai? Kuni zetu zimepona. Loveness anakunywa kikombe kimoja asubuhi kabla ya chai, kwa nia, kama mtu anayesali. Mwanafunzi mmoja akasema samaki nao wamechanjwa, ndiyo maana hawazai ovyo. Tulicheka mpaka tukaombana msamaha, kwa kuwa ilikuwa Juma Kuu.

Ulisema kina mama ninaowaamini. Nimewaamini wote.

Kwa Sylvester kuna jogoo mwekundu. Si wako, usimguse. Ni wa meneja wako, shukrani kutoka jumuiya ya Mtakatifu Rita. Mwambie asiache kutuwekea.

Loveness anakusalimu. Tumbo limeanza kuonekana, anatembea ameshika kiuno makusudi ili baba wadogo waone.

Dada yako mwenye furaha,
Eufrasia


Dongobesh
7 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako na jogoo wamenifikia pamoja, Alhamisi iliyopita. Masika yote lori lilikuwa limekwama, Sylvester akamwacha jogoo kwa mama yake na barua ndani ya kofia. Nilianza kuisoma nimesimama. Nilimaliza nimekaa chini.

Dada, acheni. Acheni leo, kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Niliposema maji yana dawa sikusema dawa ya kusafisha. Nilikuwa nawaonya. Nilidhani ukiona nimeandika kwa kujificha utajua ni jambo baya. Sikufikiri kabisa habari za Katesh.

Sasa naandika wazi, na asome anayetaka kusoma. Kifaranga cha samaki kikitoka kwenye yai kinakuwa hakijawa dume wala jike. Kuna unga mweupe unaitwa homoni. Ni ile nguvu ya kiume, hata sisi watu tunayo mwilini, lakini huu umetengenezwa kiwandani. Unayeyushwa kwenye spiriti, unachanganywa na chakula, chakula kinaanikwa kivulini, kisha vifaranga vinalishwa wiki tatu mpaka nne. Wote wanageuka madume. Wakiugua wanatiliwa pia dawa nyingine, zile za vidonge vya rangi mbili wanazopewa watu. Ukutani pameandikwa mwanamke asishike chakula hicho. Wanaochanganya walipewa glavu mwanzoni, baadaye zikaisha. Na chakula kinachobaki, na mavi ya samaki, na maji ya matangi, vyote vinaingia mferejini, mfereji unaingia mtoni, na mto unakuja kwenu.

Hao perege wenu wengine huenda wametoroka huku kwetu. Lakini kambale hatufugi, dada. Tangu uniandikie habari ya kambale silali vizuri.

Kama inamdhuru mtu, sijui. Nimeishia darasa la saba kama wewe. Meneja anasema ikifika mtoni inakuwa imekwisha nguvu, ila yeye mwenyewe anakunywa ya chupa. Mtaalamu aliyekuja kutufundisha nilimuuliza kuhusu kuchemsha, akasema kuchemsha kunaua wadudu, hii si mdudu.

Rudini kisimani. Heri meno ya rangi ya chai.

Namba ya jirani yako nimeipiga sana, haipatikani. Nijibu kwa gari lolote. Niambie Loveness yukoje.

Emilian


Hirbadaw
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Emilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo. Upepo wa mwezi huu ni mwingi, umebeba bati la choo cha shule. Kuku wetu wamepata ugonjwa wa macho, wamebaki watatu. Baba Yonas amekwenda na ng'ombe upande wa Basotu kutafuta majani. Mbaazi tumevuna kidogo. Bibi Kornelia anakohoa lakini ulimi wake ni mzima. Loveness anapumzika.

Barua yako ilinifikia, nikaisoma mara tatu, kisha nikaenda nyumba kwa nyumba. Unajua nilivyo, nikibeba neno siwezi kukaa nalo. Mama Gidamis alikuwa anapepeta, wala hakuacha.

"Eufrasia, Pasaka ulisema maji yana dawa, tukashangilia. Leo unasema maji yana dawa, tulie. Dawa ni hiyo hiyo au imebadilika?"

Nikamwambia ni hiyo hiyo, ila tulielewa vibaya.

"Dawa ni dawa. Kama ingekuwa sumu mdogo wako angeandika sumu. Hilo neno lipo, hata mimi nalijua."

Kwa nini hukuandika sumu, Emilian?

Wengine wanasema nimetaka mto uwe wangu na wanangu. Mwingine amesema wewe umegombana na meneja, unataka kumharibia. Nilipotaja kwamba samaki wanageuzwa madume, wanaume waliokuwa kwenye bao walicheka mpaka wakapiga magoti. "Basi tunywe zaidi!" Mmoja alimwita mtoto amletee kikombe pale pale, akanywa mbele yangu, akajifuta mdomo, akaniamkia kwa adabu.

Kisima nacho hakipo tena. Tulipokiacha hakuna aliyekiangalia. Mpira wa ndani umekauka ukapasuka, na mkono wa pampu mtu ameung'oa. Ukiita kwa juu inaitikia sauti yako tu. Mvua ya kukinga hatuna, unajua nyumba zetu za tembe, paa la udongo halitoi maji bali tope.

Nilikwenda kata pamoja na katekista. Yule kijana wa ofisini ni wa mbali, ana heshima, alitupa viti. Akasema: "Mama, sisi hapa tunapima wadudu. Hicho unachosema kipimo chake hatuna, na bila kipimo mimi nitaandika nini?" Nikamuuliza kipimo kiko wapi. Akasema labda Arusha, labda Dar es Salaam, na kwamba hata yeye anakunywa maji haya haya. Tukashukuru, tukaondoka.

Katika barua yako umeandika "wanaochanganya". Sikuulizi ni kina nani. Shati ulilomwachia Yonas lilikuwa linanuka spiriti, nikadhani umeanza kunywa, nikakufungia novena ya siku tisa.

Nimeandika yote hayo ili nisiandike hili. Loveness alijifungua mwezi wa sita, tarehe haijafika. Wa kiume. Alikuwa na kucha zote. Alipumua kidogo tu, nesi alikuwa bado yuko njiani, nikaona hatamkuta. Nikambatiza mimi, kama tulivyofundishwa. Nilichovya mkono kwenye ndoo iliyokuwa karibu, nikasema maneno, nikamwita Benedict.

Barua yako ilipofika tulikuwa tumeshamzika.

Sijui kama ni maji. Zile mbili za kwanza zilikwenda tukiwa bado tunakunywa ya kisima, na samaki hatukuwajua. Namwambia Loveness hivyo. Na mimi nikifunga macho usiku sioni kaburi, naona ile ndoo, maana nilimtia yale maji kichwani nikiamini ni mazuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Tuombee. Sisi tunaomba lakini tunachoka.

Eufrasia


Dongobesh
13 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo, na pole. Mpe Loveness pole yangu, na Yonas. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara inaishia kwenye pole.

Sikuandika sumu kwa sababu hapa kazini hatuiiti sumu. Tunaiita dawa. Hata mimi nimezoea.

Nilimpelekea meneja jogoo wenu siku ile ile alipofika, sikujua la kufanya naye. Alicheka, akasema ndio mara ya kwanza kijiji kumshukuru. Siku nyingine nikamwomba tuchimbe shimo, maji yakae humo kwanza. Akaniuliza, "Emilian, wewe ni mhandisi?" Nikasema hapana. Akasema mwakani tunaongeza mabwawa manne.

Nikaomba nihamishiwe getini. Getini pana mtu.

Ukiniambia niache, nitaacha, lakini kesho yake atakaa mwingine pale pale nilipokaa, na mto hautajua tofauti. Nayasema haya si kwa kujitetea. Au labda ni kwa kujitetea.

Scola ananiuliza kwa nini hatujapata mtoto mwingine tangu nianze kazi hapa. Namwambia ni mapenzi ya Mungu.

Emilian


Hirbadaw
20 Julai 2025

Emilian mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua nimekaa kimya miezi mingi, na wewe hukunisumbua, nashukuru. Sikuwa nimekukasirikia peke yako. Nilikuwa nimekasirika tu, kila mahali, mpaka kanisani. Padri akaniambia nimwambie Mungu hivyo hivyo nilivyo, nikamwambia. Hajajibu, lakini nimepumua.

Bibi Kornelia alitutoka mwezi wa tatu, kwa amani, akilalamikia uji. Yonas hajambo. Baba wadogo walimletea habari za binti wa Endasak, wakakaa kuanzia asubuhi. Yonas akawapa chai, akawasindikiza, hakusema ndiyo. Lakini safari hii hakusema hapana pia, nikasikia.

Loveness ana mimba tena. Mwezi wa nne unaisha.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimelifikiri hili kwa muda mrefu nikaona lina mwanga. Kisima hakijatengenezwa, ahadi ni nyingi. Kiangazi ni kikali, vijito vyote vimekauka, umebaki mto. Hatuwezi kuacha kunywa, Emilian, mtu hawezi. Samaki tumeacha, hao ni rahisi, mama yetu amefurahi huko aliko. Lakini maji hatuna mengine.

Basi nikafikiri: huko kwenu lazima iko siku mnayofungulia mfereji. Bwawa haliwezi kumwagwa kila saa. Mama Gidamis amenipa mapipa mawili. Ndiyo, huyo huyo. Bado ananibishia, ila anamwonea Loveness huruma. Punda wa jirani nimeshamwomba. Ukiniambia siku, nitateka siku moja kabla, nijaze yote, nifunike. Siku ya kumwaga Loveness hagusi mto, wala siku tatu za mbele mpaka yale mabaya yapite. Kisha tunateka tena. Tutakwenda hivyo mpaka ajifungue.

Nimewaeleza yeye na Yonas. Jana kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nilimsikia Loveness anacheka kule jikoni. Anayapaka mapipa majivu kwa ndani, anayasugua, anaimba.

Nataka siku tu. Hutaji jina la mtu, huandiki mambo ya kazi. Andika Jumatatu au andika Ijumaa, neno moja, nitaelewa. Safari hii nitaelewa.

Dada yako,
Eufrasia


Dongobesh
24 Agosti 2025

Dada,

Shikamoo.

Barua yako nimekaa nayo kuliko zote. Kwanza niliandika neno moja, "Jumamosi". Nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga. Nikawaza Loveness anavyosugua mapipa, nikasema kuna ubaya gani, mtu apate siku za kucheka. Asubuhi nikaichana.

Mfereji hauna mlango. Vifaranga vinahitaji maji mapya wakati wote, la sivyo vinakufa kwa kukosa hewa. Yanaingia upande wa juu na kutoka upande wa chini, mchana na usiku, sikukuu na Jumapili. Hata sasa ninapoandika nayasikia. Mabwawa yale manne yamekamilika, yameunganishwa na mfereji huo huo.

Hakuna siku, dada.

Ungekuwa na njia ya kumpeleka Loveness kwa watu wenu wengine, mbali na mto huu, ningekwambia mpeleke. Lakini namjua Yonas na nawajua baba wadogo. Akiondoka safari hii hatarudi kwenye nyumba ile, atamkuta mwingine.

Kwa hiyo sina la kukupa. Kumwambia au kutomwambia nakuachia wewe uliye naye karibu. Ukiona huwezi, mwambie kwamba mdogo wako amejibu, na amesema ni Jumamosi.

Emilian